Pete ya Akiki Mlangoni mwa Ruvuma

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananishika mkono na kuuliza, "Ehe, Mtwara kulikuwaje?" Namjibu nusu, kisha namuaga. Nasikia wengine mmeudhika. Basi leo Jumapili nimekaa nikaandika yote mara moja. Pokezaneni daftari hili pale karakana, na atakayekuwa na swali asome tena, asinifuate nyumbani. Habari za tiketi na ruhusa ya kazini siziandiki, zinachosha.

Kwa asiyemjua, Stefano ni mdogo wangu, ziwa moja, na alikuwa karani bandarini Mtwara. Mimi kazi yangu mnaijua. Ofisi ya madini hapa Dodoma inanilipa nikate mawe hadi yawe membamba kama karatasi, wataalamu wayaangalie kwa hadubini. Saa za serikali zikiisha, nakata vito vyangu. Mwanzo wa masika ilikuja barua kutoka kwa mkubwa wa Stefano. Ilisema aliondoka Jumamosi kwenda upande wa mto Ruvuma, Jumatatu hakuonekana kazini, na hadi siku ile alikuwa hajaonekana. Mistari sita tu, na mhuri.

Mama yetu yuko Mpwapwa. Ndugu walipokwenda kuweka matanga, aliwafukuza na mikeka yao. Alisema hawezi kukaa matanga ya mtu ambaye hajulikani alipo. Akaniita chumbani, akanipa suti nyeusi ya Stefano aliyokuwa ameiacha nyumbani, imekunjwa vizuri. Akaniambia, "Elia, nenda kamtafute. Akiwa hai, mlete. Akiwa amekufa, nataka kujua amelala wapi, na alale kwa jina lake." Nilichelewa miezi mitatu. Nilikuwa na sababu nyingi, lakini kubwa ni kwamba niliogopa kwenda.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Treni ilikuwa treni. Tulisimama Kilosa saa nyingi kwa sababu mvua za mwisho za masika zilikuwa zimekula tuta mbele yetu, watu wakashuka, wakapika chai kando ya reli, wakagombana, wakapatana. Mimi nilikaa na suti mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Dar es Salaam nilikaa siku nne. Barabara ya kusini ilikuwa bado imekatika Rufiji tangu masika, kama kila mwaka, na meli haikujulikana itaondoka lini. Nilifikia Ilala kwa binamu yangu. Mkewe alinipikia wali kwa nazi kila siku, na kila siku nilipoacha nusu sahani aliniuliza kama chumvi imezidi. Mwishowe nilimwambia kweli, kwamba chakula hakina kosa, kosa ninalo mimi. Alinitazama, akaniongezea mchuzi, hakuniuliza tena. Yule mama namshukuru hadi leo.

Melini

Nilikuwa sijawahi kupanda meli. Sisi wa bara tunapenda kusema bahari tumeiona, maana yake tumeiona kutoka nchi kavu. Kabla hatujafika mbali nilikuwa nimelala sitahani, nimekumbatia ndoo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Lindi, mfanyabiashara wa khanga, jina lake Mama Hadija. Alinipa ndimu ninyonye na visheti nile kidogo kidogo, na tumbo lilipotulia akaanza udadisi. Aliona suti, akaona shati jeupe jipya, akapiga makofi. Akasema kumbe amekaa na bwana harusi! Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Hivi unamwambiaje mtu aliyekuchekea namna ile? Basi hadi Lindi nilikuwa bwana harusi. Abiria wengine walinipongeza. Mzee mmoja alinipa mawaidha ya ndoa ambayo sitayaandika hapa.

Mama Hadija aliona pia mfuko wangu wa nyundo na lenzi, akataka kujua. Nikamtolea kipande cha akiki ambacho Stefano aliniletea likizo ya mwisho, upande mmoja nimeukata na kuung'arisha. Alivyoona ile mistari, myeupe, ya kijivu, myekundu ya udongo, imefuatana kama pindo za khanga zilizopangwa, aliuliza nani aliichora. Nikamwambia haikuchorwa. Zamani sana mawe yaliyoyeyuka yalitoka ardhini yakiwa na mapovu ndani, kama uji unaotokota. Yalipopoa, mapovu yakabaki matundu. Kisha maji yakapita, yamebeba chembe ndogo za mawe mengine zilizoyeyuka, yakapaka ukuta wa tundu kwa ndani. Yakapita tena, yakapaka tena. Mstari wa nje ndio mkubwa wao wote, wa katikati ni kitinda mimba, na mara nyingine tundu halijai, katikati panabaki uwazi. Mwamba wenyewe huoza mapema, akiki ikabaki, mto ukaizoa. Zile za Ruvuma zimesafiri kutoka mbali huko juu.

Mama Hadija alisema basi hilo jiwe limejengwa kama ukoo. Aliposhuka Lindi alinipa khanga kwa ajili ya bibi harusi. Nilikataa, akanitupia begani. Nililia meli ilipoondoka, na abiria wakadhani nalilia kwetu.

Chuno

Mtwara nilifika asubuhi. Mji ulikuwa na askari na malori mengi, kwa sababu vita vya ndugu zetu wa Msumbiji dhidi ya Wareno vilikuwa ng'ambo tu ya mto. Niliuliza njia hadi Chuno, nyumba aliyopanga Stefano. Mwenye nyumba, Bi Zainabu, ni mjane wa Kiyao, mnene, mpole. Nilipomsalimu tu alishika mlango. Alisema, "Sauti yake hiyo."

Chumba hakukipangisha. Alikuwa anakifagia kila Ijumaa. Kitanda, meza, koti la mvua, na chini ya kitanda magunia matatu ya korosho yaliyojaa mawe. Nilikaa sakafuni nikayatoa moja moja. Akiki mbichi kwa nje ni mbaya, inafanana na kiazi kilichokauka, ndiyo maana watu huikanyaga wakapita. Mimi ndiye niliyemfundisha Stefano kuipiga nyundo pembeni, atoe kibanzi kidogo, achungulie ndani. Kila jiwe mle maguniani lilikuwa na kijidirisha chake. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu.

Mezani kulikuwa na barua yangu. Naiandika hapa kama ilivyo, mnijue: "Nyekundu zinatosha, usiniletee tena, nyekundu naweza kuzipata hata kwa kuzika za manjano kwenye majivu ya moto. Nataka zenye mistari iliyonyooka, myeupe na myeusi. Hizo hazitakuwa karibu. Shuka chini zaidi kwenye mto, usiwe mvivu." Usiwe mvivu! Nilikuwa natania, naye alijua natania. Lakini alikwenda.

Bi Zainabu alinipikia ming'oko, ile mizizi ya porini wanayochemsha huko kusini na kula kwa chumvi. Tulimenya pamoja. Aliniambia Stefano alizoea kuondoka Jumamosi na lori la Msimbati, akashuka, akatembea kwa miguu kuelekea mtoni, akarudi Jumapili jioni mabega yamechubuka. Ile Jumapili aliwekewa chakula. Bi Zainabu aliomba radhi kwangu, eti kwa kutomkataza. Mimi nikiwa na ile barua mfukoni nilimwambia hana kosa lolote, na ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile.

Njia ya Msimbati

Lori lilikuwa la chumvi na abiria. Tulikwama mchangani mara mbili, tukashuka kusukuma. Niliposhuka mwisho wa safari, nikaanza kutembea kusini katikati ya mikorosho, nikiuliza kila niliyemkuta kama alimwona mtu mrefu mwenye gunia la mawe. Sasa fikirini wenyewe. Karibu na mpaka, wakati wa vita, mgeni wa bara ana nyundo, ana lenzi, ana ramani aliyoichora kwa mkono, anauliza habari za mto. Sikufika mbali. Vijana wawili wa mgambo walinichukua hadi kibandani kwao, wakanikalisha juu ya kinu kilichopinduliwa.

Kamanda wao alikuwa mtu wa makamo, kwao palepale, Mmakonde Mwislamu tangu babu yake, na alijua kuuliza. Nilimweleza kazi yangu. Hakuamini kuna mtu analipwa na serikali kukata mawe. Basi nikamwonyesha. Nilipiga mgongo wa kisu kwenye ukingo wa akiki, cheche zikaruka. Nikamweleza kwamba kisu cha chuma hakiikwaruzi, ndiyo maana masonara hutumia jino la akiki kung'arishia dhahabu, na maabara wanasagia dawa kwenye vinu vya akiki, maana haichubuki ikachafua dawa. Alianza kulegea. Akanionyesha pete yake, jiwe jekundu kwenye fedha, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Alisema hiyo nayo ni akiki, ameirithi kwa baba yake, kuivaa ni sunna.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipo, na nyinyi karakana mnaujua. Mtu akinionyesha jiwe siwezi kunyamaza. Niliitazama kwa lenzi, nikaona viputo. Nikamwambia ni kioo. Hakuamini, nikapitisha ncha ya akiki yangu juu ya jiwe lake, ikaacha mchoro mweupe toka ukingo hadi ukingo.

Nililala kibandani. Asubuhi aliniita, bado amekunja uso, akaniamuru nitoe kila kitu kwenye begi. Ilitoka suti, na ndani ya suti barua ya bandarini. Aliisoma polepole, mara mbili.

"Kumbe unatafuta mtu aliyepotea," alisema. "Si ungesema hivyo tangu jana?"

Nilimwambia nilisema. Alisema nilisema habari za mawe. Alikuwa na haki. Kisha akaniambia, kwa upole sasa, kwamba ni kweli mwanzo wa masika maiti iliokotwa kwenye mikoko, kijiji cha mwisho kabla ya mlango wa mto. Lakini nisijisumbue. Yule hakuwa ndugu yangu, alikuwa Mwislamu, walimzika Kiislamu.

Nilimuuliza walijuaje.

"Uso ulikuwa umeharibika," alisema. "Lakini alikuwa na pete ya akiki mkononi."

Jamani, ile pete niliitengeneza mimi. Ni jiwe la kwanza nililolikata mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, kutoka mzigo wa kwanza alioniletea Stefano. Nililipeleka kwa sonara hapa mjini akalizungushia fedha, na kipimo cha kidole nilikitoa kichwani. Stefano aliandika kunicheka, akasema nimempimia kidole cha mtoto mchanga, inaingia kidole cha mwisho tu, tena cha mkono wa kulia. Alisema ataivaa hivyohivyo. Sisi ni watoto wa katekista wa Mpwapwa. Hakuna kati yetu aliyejua pete ile kwenye kidole kile inamtambulisha vipi mtu wa pwani.

Kijiji cha mikokoni

Kamanda alinipa kijana mmoja wa kunionyesha njia, tukafika baada ya adhuhuri. Ni kijiji cha nyumba chache za makuti, muhogo nyuma, mikoko mbele. Yule kijana alisema mgeni huyu ni ndugu wa maiti wa mikokoni, akageuka akaenda zake.

Sikuwahi kupokewa namna ile maishani. Wanawake waliweka mikono vichwani. Mtu mmoja alikuja mbio kutoka shambani na jembe lake, mwembamba, meno ya mbele hana, jina lake Issa. Alinikumbatia jembe likiwa bado mkononi. Alisema walikuwa wananingoja. Hakujua atakuja nani, lakini kila lori lilipofika Msimbati alikuwa anauliza. Akaingia ndani, akatoka na kitambaa kimefungwa fundo. Alifungua fundo kwa meno ya pembeni.

Ilikuwa pete yenyewe. Pembeni mwa jiwe kuna mahali mistari inajikunja, na hapo kuna mkwaruzo wa msasa ambao sikuweza kuuondoa nisiharibu umbo. Niliugusa kwa kucha, nikakaa chini. Hadi hapo nadhani nilikuwa bado najidanganya.

Issa alinisimulia. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yalipojaa sana kisha yakatoka sana. Yeye na wenzake walikwenda kutega kaa, wakamkuta amenasa kwenye mizizi ya mikoko. Mgongoni alikuwa na gunia limefungwa kwa kamba mabegani, limejaa mawe. Walidhani ameuawa na Wareno, akafungiwa mawe azame. Wanakijiji hawakulala siku mbili kwa hofu. Nilimweleza kwamba hakuna aliyemfunga, mawe aliyabeba mwenyewe. Hakuuliza kwa nini mtu abebe mawe, nami sikusema ni kwa ajili ya nani. Yeyote anayejua vijito vile vya mikokoni ataelewa, maji yakianza kujaa huwa hayakupi nafasi ya kufungua kamba.

Walinipa ugali wa muhogo na pweza. Nilikula kwa sababu walikaa kunitazama. Kila mtu aliniita ndugu yetu. Alasiri wanaume walikusanyika barazani kwa Issa, mwalimu wa chuo cha Kurani akasoma dua, nikanyoosha viganja kama wao. Nilisema Amina kila waliposema. Sikupanga kudanganya. Nilikuwa nimechoka, na kwa mara ya kwanza tangu masika kulikuwa na watu wanaomlilia Stefano pamoja nami, nikaogopa kwamba nikifungua mdomo watainuka waende.

Kaburini

Walinipeleka jua likiwa bado kali. Makaburi yako nyuma ya msikiti, kwenye mchanga mweupe. Lake lilikuwa nadhifu kuliko mengine. Huko wana desturi ya kupanga mawe juu ya kaburi, na kwa kuwa pwani ile mawe ni shida, walichukua yale ya gunia lake. Yote yalikuwa pale, yamepangwa safu mbili kwa mikono yenye subira. Niliinama. Kila moja lilikuwa na kijidirisha. Karibu na kichwa kulikuwa na moja kubwa kama ngumi, limepasuka vizuri, mistari imenyooka, myeupe na myeusi, hakuna uliotetereka. Ndilo nililomwagiza. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaliona jingine kama hilo, na sikuligusa.

Mwalimu alinigeukia. Alikuwa kijana, makini sana. Alisema siku zote wamemwombea kwa jina la Abdallah, kwa kuwa hawakuwa na jingine. Sasa Mungu amemleta ndugu yake, basi niwape jina lake na la mama yake, waombe inavyotakiwa.

Ningeweza kusema Selemani. Nawaambia ukweli, lilikuwa limeshafika ulimini. Wangeridhika, mimi ningeondoka na baraka zao, na nani angejua? Lakini mama alikuwa amesema alale kwa jina lake.

"Jina lake ni Stefano," nilisema. "Mama yake ni Marta. Sisi ni Wakristo. Pete nilimtengenezea mimi, hatukujua maana yake kwenu. Nisameheni."

Issa aliangalia mikono yake, yote miwili, akaishusha. Mwalimu ndiye aliyekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Alisema kosa la pete si kosa, wao walifuata alama waliyoiona na Mungu anajua nia. Lakini mimi nilikaa barazani nikanyoosha mikono kwenye dua, nikijua. Hilo aliniuliza nililifanya kwa nini. Nilijibu kwamba nilitaka waendelee kumlilia. Alitembea hadi ukingo wa makaburi, akasimama kule ametupa mgongo.

Nilimuuliza Issa kama watataka aondolewe. Aliniambia maiti hafukuliwi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba yeye ndiye aliyemwosha. Kwamba wenzake harufu iliwashinda, akabaki yeye. Alimwosha mara tatu, na vidole akavipitia kimoja kimoja. Aliniuliza kama amemkosea. Nilimshika, na huyo mtu mwembamba akatetemeka mikononi mwangu.

Mama yake Issa, Bi Somoe, alikuwa amekuja nyuma yetu na mkongojo wake, akakaa kando kwa kuwa wanawake kwao hawaingii makaburini. Nilitoka nikapiga goti, nikamwamkia. Issa alikuwa ameniambia kuwa siku ile kijiji hakikuwa na bafta ya sanda hata mkono mmoja, maduka ni Mtwara na barabara ilikuwa maji. Bi Somoe alikuwa na sanda yake mwenyewe. Wazee wa huko hujinunulia, huitia udi na kuiweka sandukuni, ili siku yao wasimsumbue mtu. Aliitoa akampa mtu asiyemjua, na tangu siku ile sanduku lake lilikuwa tupu. Sasa nilikuja kumwambia aliyemvisha si wa dini yake. Nilianza kuomba radhi.

Aliniuliza kama mama yetu yu hai. Nikamwambia yu hai.

"Basi kamwambie hakwenda uchi," alisema.

Kabla sijaondoka, asubuhi yake, Issa alinirudisha kaburini. Mwalimu alikuwepo, sikumtegemea. Alisema nisome cha kwetu, wao watasimama. Nilisoma Zaburi niliyoikumbuka, nikakosea katikati, nikaendelea. Mwisho nililitaja jina lake kamili kwa sauti, Stefano mwana wa Yakobo na Marta. Issa alilirudia taratibu ili alishike vizuri. Pete nilitaka kuiacha, akanifumbatisha mkononi, akasema ni ya mama. Suti nilimwachia yeye.

Kurudi Mpwapwa

Njia ya kurudi siikumbuki sana. Kamanda wa mgambo alinisimamisha, akanipa pole, pete yake ya kioo ikiwa bado kidoleni na mchoro wangu juu yake. Bi Zainabu nilimwachia khanga ya bibi harusi na nikamweleza ilivyonifikia. Alicheka akalia. Magunia matatu yalikuja na mimi hadi Dodoma, na wanaoniuliza lini nitaanza kuyakata, sijui.

Mama alikuwa amekaa jikoni. Nilimweleza yote, nikaanza na barua yangu, kwa sababu hilo nililibeba toka Chuno na lilikuwa zito kuliko magunia. Aliniambia kwamba Stefano hakuwa mtoto wa kutumwa, angekwenda hata nisingeandika. Sijui kama anaamini hivyo. Pete aliiangalia, akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Hakulia. Nilipofika kwenye dua na jina la Abdallah nilidhani atakasirika, lakini aliuliza tu kama sasa wanalijua jina. Nikamwambia Issa analijua. Nilipofika kwenye sanda alinisimamisha, akataka nirudie maneno ya Bi Somoe, nikayarudia.

Kesho yake alikwenda dukani mwenyewe. Alirudi na bafta nyeupe, nzuri kuliko yoyote aliyowahi kununua kwa ajili yake mwenyewe. Alisema itakwenda Mtwara kwa Bi Zainabu, na Bi Zainabu ataifikisha mikokoni. Mwanamke wa watu asikae na sanduku tupu kwa ajili ya Stefano. Aliikunjua juu ya mkeka, akaipima kwa mkono, akaikata. Kisha akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kupinda pindo, vizuri kabisa, kama anavyopinda vitambaa vya altare.

Nilimwambia, "Mama, usiipinde. Kwao sanda haishonwi."

Sindano ilisimama.

"Na ya Stefano haikushonwa?"

"Haikushonwa, Mama. Alizungushiwa tu, ikafungwa."

Alitazama zile nyuzi chache alizokwisha kuzishona. Akaanza kuzifumua moja moja kwa ncha ya sindano, na alipofika ya tatu macho hayakuona tena, akajifunika uso na ile bafta, akamlilia mwanawe kwa jina lake. Majirani walisikia. Kufika jioni mikeka ilikuwa imetandikwa uani, na safari hii hakumfukuza mtu.